Waya wa Kulisha, Waya wa Kubeba

Rehema, siku ya kuniaga uliniomba nikuandikie maelezo ya kukabidhi kazi. Ulisema kurasa mbili tu, zitoshe kwenye faili. Nimekaa chini mara kadhaa kuziandika kurasa hizo na kila mara nimeishia kutaja funguo za milango, na funguo unazo. Kwa hiyo nimeamua kukusimulia wewe, pamoja na wenzako mtakaopita katika karakana ile, jinsi kazi ilivyokuwa, na hasa habari ya vile vitambaa vyekundu na vya kijani ulivyovikata kwenye nyaya muda mfupi baada ya mimi kuondoka. Sikuandikii kukulaumu. Nina muda mwingi siku hizi, na nyumba yangu hapa juu ya soko la Lushoto ina ukimya ambao bado sijauzoea.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa kuja, na mishahara mnaijua wenyewe. Tangu nistaafu kuna swali moja tu lililokuwa likinikosesha raha: je, kazi ya Bi Hadija imebaki mahali popote, au ilikwisha siku ulipopitisha mkasi wako? Hukumkuta Bi Hadija, ndiyo maana naanza mbali kidogo.

Mimi si mtu wa Lushoto. Nilizaliwa kwenye shamba la chai upande wa Amani, juu ya Sigi, ambako baba yangu alifika kutoka Iringa kuchuma chai na hakurudi tena kwao. Kwenye kambi ya wachumaji kila nyumba ilikuwa na kabila lake na dini yake, kwa hiyo lugha yetu wote ilikuwa Kiswahili. Ufundi niliuanzia kwenye karakana ya kiwanda cha chai, nikitengeneza redio za watu na kengele ya kuitia zamu. Nilipohamishiwa Lushoto nilikuja na bisibisi, koleo na Kiswahili changu. Kazini hivyo vilinitosha. Lakini watu wa huku wanataniana kwa Kishambaa, wanapeana pole kwa Kishambaa, na utani ukishakolea ofisini Kiswahili kinawekwa pembeni, nawe unabaki umeshika kikombe cha chai unatabasamu bila kujua kwa nini.

Siku ya kwanza nilimkuta Bi Hadija amejifunika kanga mabegani kwa sababu ya baridi, miwani imefungwa uzi kwenye mkono mmoja, anapuliza vumbi kwenye kibodi. Alikuwa amenizidi miaka michache. Ndiye aliyekuwa fundi peke yake wa kompyuta zote za shule, kuanzia kule Mombo chini barabarani hadi vijiji vya juu ya Lukozi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa?"

"Ndiyo."

"Unajua kompyuta?"

"Najua redio."

"Afadhali. Wanaojua kompyuta wameshaniharibia mbili."

Akanisukumia gunia lililowahi kuwa la viazi, limejaa nyaya, akaniambia nizichambue. Nilidhani ananipima. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa na gunia tu na hakuwa na muda.

Ninyi hamkuzikuta nyaya zile. Wa printa ulikuwa mnene kama kidole gumba, wenye mdomo mpana wa pini nyingi. Wa skrini ulikuwa na mdomo wa bluu na skrubu mbili pembeni. Kibodi ilikuwa na mdomo wa mviringo wa zambarau, na kipanya wa kijani. Ilikuwa adha kubwa, maana ukisahau waya mmoja Lushoto umeshapanda hadi Lukozi bure. Lakini ulikuwa na uhakika. Bi Hadija aliniambia siku ile ile kwamba waya hauwezi kukudanganya: ukiingia mahali, basi hapo ndipo pake. Nilichambua gunia lote kwa kutazama midomo tu, na jioni nikajiona fundi wa kompyuta.

Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Alizungumza na mashine. Kompyuta ikigoma kuwaka aliinamia na kuisemesha kwa Kishambaa, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Mimi zangu nilizisemesha kwa Kiswahili, tena kwa ukali. Zake ziliwaka mara nyingi zaidi, ingawa nadhani ni kwa sababu alikagua fyuzi kabla ya kuanza maneno. Kishambaa chote ninachokijua ndicho hicho alichowaambia wagonjwa wake, na hakinisaidii sokoni.

Kisha zikaja nyaya za USB, zile za mdomo bapa. Mnajua wenyewe: unaingiza, haiingii, unageuza, haiingii, unageuza tena kama ulivyoanza, inaingia. Zikaja simu, na kila simu na chaji yake. Watu walikuja karakana kuuliza kama tuna pini nyembamba au pini nene, kana kwamba ni duka. Bi Hadija aliweka kopo la nyaya za simu dirishani, na kila aliyepita aliazima na kurudisha, au alidai amerudisha. Kwa muda wote huo kanuni yake ilisimama. Mdomo ndio uliokwambia waya ni wa nini.

Halafu tukaitwa semina Tanga. Mgeni mmoja alisimama mbele na waya mfupi mweusi, mdomo mdogo wenye kona za mviringo, unaoingia hata ukiugeuza. Akasema hiyo ndiyo Taipu C, na kuanzia sasa waya mmoja kwa kila kitu: kuchaji simu, kuchaji kompyuta mpakato, kuhamisha mafaili, hata kupeleka picha kwenye projekta. Tulipiga makofi sana. Nilimtazama Bi Hadija na yeye alikuwa amefumbata mikono. Njiani kurudi, tulipoanza kupanda mlima kutoka Mombo, akanigeukia.

"Elia, tumekwisha."

"Kwa nini tena, dada?"

"Zamani waya wa printa ulikuwa na sura ya printa. Sasa wote sura moja. Nani atatuambia upi ni upi?"

Nilimwambia si hoja, kama kila waya unafanya kila kitu hakuna haja ya kuambiwa. Akanitazama jinsi alivyoniangalia siku niliposema najua redio.

Jibu tulilipata muda si mrefu baadaye. Mwalimu mkuu wa shule moja juu ya Lukozi alishuka kwa bodaboda akiwa amefunga kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Macho yake yalikuwa mekundu. Ndani ya kishikwambi kile kulikuwa na majina yote ya watoto wake wa darasa la saba, yahamishwe kwenye kompyuta na kutumwa kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Kompyuta ilikuwa haikioni. Kishikwambi kingine walikuwa wameshakifuta chote kwa ushauri wa mtu aliyejifanya anajua, na majina yaliyokuwa humo ikabidi yakusanywe upya nyumba kwa nyumba na kuingizwa kwenye hiki.

"Hiki nacho kimekufa," alisema.

"Kinawaka?" aliuliza Bi Hadija.

"Kinawaka. Na tukikichomeka kinachaji vizuri kabisa. Ila kompyuta inasema hakuna kitu."

Bi Hadija hakukigusa kishikwambi. Alichukua waya.

"Huu ulikuja na nini?"

Mwalimu akafikiri. "Nadhani ulikuja na tochi."

"Na tochi ina majina ya wanafunzi?"

Alichomoa waya mwingine kwenye droo, mdomo ule ule, rangi ile ile, akauchomeka, na majina yakahama kabla mwalimu hajamaliza chai aliyopewa. Yule mzee akajifuta uso kwa kofia yake. Kwa walio wageni nieleze: ndani ya waya wa tochi mna nyuzi mbili tu za kupitisha umeme. Nyuzi za kupitisha mafaili hazimo, kwa sababu tochi haina faili. Nje huwezi kuziona hata ukivaa miwani ya Bi Hadija.

Mwalimu alipoondoka, Bi Hadija alichukua tambara letu la kufutia vumbi, lililokuwa kanga yake kuukuu nyekundu, akakata kipande chembamba na kukifunga kwenye waya wa tochi, karibu na mdomo. "Huu ni wa kulisha," alisema. Kwa fundi cherehani jirani aliomba mabaki ya sare za shule za kijani, akafunga kwenye ule wa pili. "Na huu ni wa kubeba." Wa kubeba unalisha pia, lakini wa kulisha haubebi. Nilimuuliza kwa nini nyekundu iwe ya kulisha. Akasema ni kama taa za barabarani: nyekundu, faili simama, kijani, faili pita. Lushoto nzima hakuna taa ya barabarani hata moja. Yeye alikuwa ameziona Tanga.

Tulifunga nyaya zote za karakana, kisha za shule. Kila tulipokwenda tulibeba mkasi na furushi la vitambaa. Baadaye tuliongeza njano kwa zile chache zinazopeleka picha kwenye projekta na kulisha kompyuta mpakato barabara. Maana kuna nyaya zinazoilisha kompyuta kidogo kidogo, alama ya chaji inaonekana, halafu baada ya saa mbili mashine inazima mwalimu akiwa katikati ya somo. Bi Hadija alisema mashine ya namna hiyo inakula huku inakonda. Walimu waliulizana kwa simu, "Unao wa kubeba?" na hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

Kwa faida yako, Rehema, tulivyopima ni hivi. Usiamini unene wala bei wala maandishi ya kwenye boksi. Chukua simu moja unayoijua na kompyuta moja unayoijua, chomeka, subiri. Simu ikiuliza unataka kuhamisha mafaili, waya unabeba. Ikikaa kimya na kuchaji tu, toa waya kwanza, tazama mdomo wa simu. Mara nyingi umejaa nyuzi za mfukoni. Zitoe kwa kijiti cha meno cha mti, si sindano. Chomeka tena. Ikibaki kimya, funga nyekundu. Mashine usiilaumu mpaka umebadilisha waya, na mwalimu usimlaumu kabisa.

Watu walikuwa wakitutania, mimi na Bi Hadija. Hapakuwa na jambo hilo. Yeye alikuwa na nyumba yake na mimi nilikuwa na mke, Mungu amrehemu, aliyempenda Bi Hadija kuliko alivyonipenda mimi siku nyingine. Kulikuwa na kitu ambacho sijakipatia jina. Watu wawili wanakaa chumba kimoja miaka, mmoja ananyoosha mkono bila kugeuka na mwenzake anamwekea bisibisi inayotakiwa. Mchana tulikunywa chai ya birika moja na hatukuongea sana. Nilipofiwa na mke wangu nilirudi kazini baada ya msiba, akaweka chai mbele yangu na gunia la nyaya, akasema, "Zimechanganyika tena." Hazikujichanganya zenyewe. Alikuwa amezivuruga yeye mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo ili nipate cha kufanya.

Alistaafu kabla yangu. Tuliagana kwa maandazi na hotuba fupi ya mkuu wetu aliyekosea jina lake. Alipomaliza kukusanya vitu vyake aliniachia mkasi. Aliniambia ataenda kwao Lukozi kulima kabichi na karoti, na kwamba vitambaa nivitunze, kwa sababu watu wakishachanganyikiwa watalaumu mashine na mashine haiwezi kujitetea. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Miaka iliyofuata nilikuwa peke yangu mle ndani. Nitasema wazi kwa sababu siku hizi sina wa kumficha: ilikuwa miaka mibaya. Si kazi. Kazi ilikwenda. Ni kwamba chumba kilikuwa hakina tena mtu anayezungumza Kishambaa na mashine. Nilichemsha birika lile lile na nusu ya chai nikaimwaga kila siku, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kupima maji ya watu wawili. Tulipigiana simu sikukuu. Mimi nilimpigia Idi, yeye alinipigia Krismasi, tukaulizana afya na mvua. Kila mwaka nilisema nitapanda Lukozi nikamwone, naye kila mwaka alisema atashuka. Nilidhani ana shughuli zake, naye sijui alidhani nini.

Vitambaa nilivitunza kwa kichwa kigumu. Zikija nyaya mpya nilizifunga siku hiyo hiyo. Fundi cherehani alipoleta kijani ya sare mpya, iliyopauka kidogo, niliirudisha. Nilitaka kijani ile ile ya Bi Hadija. Nilijiambia kwamba maadamu nyekundu ni nyekundu na kijani ni kijani, yeye bado yuko kazini.

Alifariki wakati wa mvua za masika. Nilipata habari kwa mpwa wake, nikapanda Lukozi kwa basi dogo, barabara yote utelezi. Msibani nilikaa na wanaume nisiowafahamu. Dua zilisomwa, na mimi Mkristo niliinamisha kichwa. Mazungumzo yalikuwa Kishambaa, na niliinamisha kichwa pia. Simu yangu ilikuwa inazima, nikamwomba mtu mmoja chaji. Akanipitishia waya dirishani, na kwenye waya ule palikuwa na kitambaa cha kijani. Nilifurahi, ndiyo, hapo msibani nilifurahi. Nikasema moyoni: kijani, wa kubeba, amewafundisha hata huku. Sikuuliza. Simu ilipopata chaji kidogo nikaurudisha waya na kuwahi gari la mwisho.

Kisha ukaja wewe. Ulinipa shikamoo kila asubuhi, ulijua mambo mengi ambayo mimi niliyasikia tu, na nilikuona unavyovitazama vitambaa vile. Vilikuwa vimejaa vumbi na mafuta ya mikono, nakubali. Nilipoondoka ulivikata vyote ukabandika stika ulizochapa, zenye maandishi madogo safi: CHAJI TU, DATA, PICHA. Nilipopita kukusalimia nikaziona. Ulinieleza kwamba mkaguzi alikuuliza kama hapa ni karakana au kwa mganga. Nilicheka pamoja nawe, kisha nikarudi nyumbani na sikutoka siku iliyofuata.

Nilingoja stika zako zibanduke. Ukungu wa Lushoto unabandua hata rangi ya ukuta. Nilipita tena baada ya mvua, na tena baada ya mvua nyingine. Hazikubanduka. Ni stika nzuri, na kazi yako inakwenda bila mimi na bila Bi Hadija. Hilo ndilo lililoniuma, si kwamba ulikosea, bali kwamba hukukosea. Nikahesabu kwamba kazi yake imekwisha.

Sasa nije kwenye sababu ya kuandika. Mwanangu yuko Arusha, na juzi juzi alinitumia simu mpya kwa basi. Nilishuka Mombo kuipokea kwa kondakta. Nilifungua boksi pale pale kituoni: simu, karatasi za lugha zote za dunia, na waya hamna. Siku hizi wanauza simu bila waya, eti kila mtu anao. Nina sanduku zima nyumbani, lakini simu ilikuwa haina chaji na nilitaka kuijaribu kabla basi lililotoka Arusha halijaondoka, ili ikiwa mbovu niirudishe, nikavuka upande wa wauza vitunguu, kwenye meza ya mwanamke mmoja anayeuza vifaa vya simu.

Nyaya zilikuwa zimening'inia kwenye misumari. Kila mmoja ulikuwa na kitambaa karibu na mdomo. Nyekundu na kijani. Nilisimama pale nikizitazama, yeye ndiye aliyeanza kusalimia.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Mwanangu, hivi vitambaa vya nini?"

"Alama tu, baba. Nyaya zinafanana, wateja walikuwa wananigombeza. Hizi za kulisha, hizi za kubeba."

Alisema hivyo hivyo. Kulisha na kubeba. Nilijikaza.

"Basi nipe wa kubeba." Nikashika wa kijani.

"Huo haubebi, baba. Huo wa kulisha. Wa kubeba ni mwekundu."

"Umezifunga kinyume."

"Sijazifunga kinyume."

"Mwanangu, mimi ni fundi. Nyekundu ni ya kulisha. Kijani ndiyo inayobeba."

"Hapana, baba." Alisema kwa adabu, lakini hakulegea. "Kwetu Lukozi, gunia la karoti likifungwa uzi mwekundu hilo linabebwa, linapakiwa kwenye Fuso. Lenye uzi wa kijani linabaki nyumbani, la kula. Hata mtoto anajua. Sasa nikifunga kijani kwenye wa kubeba si nitamchanganya mtu?"

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema jina lake ni Zaina, na alikulia jirani na bibi mmoja mstaafu, Bi Hadija, ambaye kijiji kizima kilimpelekea nyaya zake. Alikaa barazani na mkasi, anapima, anafunga.

"Na yeye mwanzo alifunga kama unavyosema wewe," Zaina alisema. "Nyekundu kulisha, kijani kubeba. Watu wakawa wanachukua nyekundu kuhamisha picha za harusi, hazihami. Wakamlalamikia. Akacheka sana. Akasema yeye mtoto wa Lukozi kaenda kufuata taa za Tanga. Akafumua zote, kijiji kizima, akazifunga upya."

"Alizifumua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akasema kuna mwenzake yuko Lushoto, fundi Elia, akiziona hizi atanuna. Alikuwa anasema, 'Atakuja siku moja, nitamwonyesha anune vizuri.'"

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia boksi la simu.

Zaina akanikazia macho. "Baba, wewe ndiye Elia?"

"Ndimi."

"Mbona umenuna kweli."

Hapo nikacheka, Rehema. Nilicheka katikati ya kituo cha Mombo mpaka muuza vitunguu akageuka, na machozi yakanitoka, na sikuyafuta upesi. Zaina alinipa kigoda. Nilikaa pale nikamsikiliza akinieleza habari za mwenzangu ambazo sikuzijua: kwamba alizisemesha simu za watu kwa Kishambaa, kwamba barazani kwake hapakukosa watu, kwamba birika lake lilikuwa kubwa. Miaka yote ile mimi nalinda kijani ya Lushoto nikiwa peke yangu chumbani, mwenyewe alikuwa ameshaiacha, na alikuwa ananingoja nije ninune. Waya ule wa dirishani msibani kwake ulikuwa wa kulisha.

Nilinunua nyaya mbili, mwekundu na wa kijani, nikapanda mlima kurudi. Mchana ule ule nilitoa sanduku langu mezani, nikachukua mkasi alioniachia, nikafumua nyaya zangu zote na kuzifunga upya Kilukozi. Vidole vilikataa mwanzo. Mara mbili nilifunga rangi ya zamani na ikabidi nifumue tena. Sasa nyumba yangu inafuata vitambaa vya Lukozi na karakana yako inafuata stika, na sidhani kama yupo atakayetupatanisha.

Stika zako ziache kama zilivyo. Sikuombi urudishe vitambaa. Nakuomba jambo moja dogo, na hili usiliweke kwenye faili. Ukipata nafasi, panda huku nyumbani, hata kama huna tatizo la kuniuliza. Simu yako ikiwa imekwisha chaji, kwenye msumari karibu na dirisha utakuta nyaya mbili. Chukua wa kijani. Birika bado napima la watu wawili.